Kitanda cha Dirishani

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu dereva, aliitwa Msusi na mtaa mzima, na jina hilo lilimganda hata watoto wake wa kuzaa wakawa wanamwita hivyo anapowakera. Alikuwa binti wa fundi saa, mtu aliyeweza kushinda kutwa bila kufungua kinywa, na mama aliyeweza kusimamisha kisima kizima kwa soga. Yeye alichukua mikono ya baba na mdomo wa mama. Bibi yake ndiye yule mkunga aliyevuka mto uliofurika, mkasi kaubana kwa meno, akaenda kuzalisha mapacha ng'ambo. Wazee waliokuwepo wananielewa.

Na Msusi mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya mlango. Ndiye aliyeketi kwenye ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu tangu kengele ya asubuhi hadi ya kutokea, mpaka binti yake aliyefukuzwa kwa kukosa viatu akarudishwa darasani. Ndiye aliyemwosha mama yetu mpaka siku ya mwisho, wakati wakaza wana wengine wakileta visingizio. Ndiye aliyemkuta mwizi kwenye kamba ya nguo, akamshika sikio, akamwambia, "Shuka hii imetoboka, mwanangu. Ukiamua kuiba, iba kitu cha maana." Kisha akamwachia.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Msusi alikuwa mkorofi wa hospitali, najua hakumjua. Wifi yangu alitaka kitu kimoja tu: mgonjwa aulizwe jina lake kabla ya sindano kuingia mwilini. Kitu hicho kimoja kilimla roho. Naandika nilivyoona, na pale ambapo sikuwepo, alivyonieleza mwenyewe.

Sukari ilimwingia kwa kunyata. Kwanza kiu, halafu ukungu machoni, halafu kidonda cha kidole cha mguu. Alikifunga kitambaa akaendelea kusuka, mguu kauweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Wateja wakiuliza anawaambia, "Kidole kimegombana na jiwe, jiwe limeshinda." Kidole kilipoanza kubadilika rangi nilimwambia, wifi, ama unatembea mwenyewe kwenda hospitali ama nakuburuta mbele ya wateja wako. Akatembea.

Walimlaza wodi ya wanawake. Ni chumba kirefu, kuta zimepakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa kiuno, juu yake nyeupe iliyogeuka manjano. Vitanda vimepangwa pande mbili, na juu ya kila kitanda namba imechorwa ukutani. Upande wa ndani kuna dirisha kubwa, jua la asubuhi linaanguka juu ya kitanda kimoja tu kana kwamba kimelipiwa. Upande mwingine kuna mlango wa chuma usiofungika vizuri, na kitanda kilicho karibu nao kinapata upepo wote wa ukumbini, na kishindo cha kila kitoroli kinachopita.

Msusi alipewa kitanda cha dirishani. Cha mlangoni alilala bikizee mmoja wa kifua, mwembamba kama ufito, aliyevaa kofia ya sufu mchana na usiku. Wodi ikamwita Bibi Kofia. Upepo ukivuma anakohoa mpaka kitanda kinatingishika.

Sasa, aliyewahi kulazwa anajua kwamba wagonjwa wana adabu yao. Mwenye jua humgawia mwenye baridi, anayekwenda haja mara kwa mara husogezwa karibu na choo, mjamzito hupewa godoro lisilobonyea. Mnabadilishana vitanda tu, na shuka zenu na vikombe vyenu. Hakuna anayeomba ruhusa, maana nani aombwe ruhusa ya huruma?

"Bibi," Msusi akamwambia, "njoo huku uote jua."

"Na wewe je?"

"Mimi nina nyama, wewe una mifupa. Upepo ukija kwangu utachoka wenyewe."

"Basi itabidi unisuke," alisema Bibi Kofia. "Siwezi kuhamia nyumba mpya na kichwa kibovu."

Wodi nzima ikacheka. Msusi akamvua kofia, akamsuka mistari kwenye zile nywele chache zilizobaki, laini kama za mtoto mchanga, huku bikizee kafumba macho juani. Niliwakuta hivyo nilipoleta chai. Nesi wa mchana alipita akasema, "Haya, leo saluni imefunguliwa," akaenda zake. Wala hakuona vibaya. Lakini namba ya ukutani haihami na mtu.

Jioni zamu ikabadilishwa. Msusi alikuwa bafuni, anaosha ule mguu wake taratibu. Nesi wa jioni akaja na kitoroli, peke yake, wodi nzima ikimsubiri. Mama mmoja aliyeungua mkono, aliyelala jirani na dirisha, ndiye aliyeona, na ndiye aliyetuhadithia.

"Kitanda cha dirishani, sindano ya sukari," alisema nesi.

Bibi Kofia akatoa mkono. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi nami nina sindano leo?"

"Wewe si ndiye wa hapa dirishani?"

"Ndiye, mwanangu."

Na kweli ndiye. Hakusema uongo. Akachomwa, akasema ahsante. Akamgeukia mwenye mkono ulioungua akamwambia, "Labda daktari kaniongezea. Wananijali hawa."

Tulivyolelewa sisi, aliyevaa nguo nyeupe akikuambia toa mkono, unatoa mkono. Kumuuliza mara mbili ni kumkosea heshima. Bibi Kofia alikuwa ameuliza mara moja, na kwa umri wake hiyo ilikuwa jeuri kubwa.

Msusi alirudi, akakaa kitandani kwake mlangoni, akangoja sindano yake. Alipoona kitoroli kinatoka akaita, "Sista, mimi umenisahau."

"Si nimeshakuchoma?" Kisha nesi akamtazama vizuri. Kisha akageuka akatazama dirishani.

Bibi Kofia alikuwa analoa jasho, anataja majina ya watu ambao hawakuwemo chumbani. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu ya kile kifua. Nesi alikimbia, siwezi kumsingizia. Alitafuta maji ya sukari ya kutundika, yakawa yamefungiwa kwenye stoo na mwenye funguo ameshaondoka. Wagonjwa wakakoroga sukari kwenye vikombe vyao, wakamnywesha kijiko kwa kijiko, lakini meno yalikuwa yameshafungana. Hakuiona asubuhi.

Binti yake, mpishi wa shule, alikuja kuchukua mwili. Aliambiwa moyo wa mama yake ulikuwa umechoka. Akakusanya kikombe na blanketi, kisha akauliza wodini, "Nani aliyempa mama yangu kitanda chenye jua?" Wakamwonyesha. Akampigia wifi yangu magoti. Akamshika mikono yote miwili, ile mikono iliyomsuka mama yake, akasema, "Ahsante, mama. Alikufa na kichwa kizuri."

Msusi aliniambia alifungua kinywa. Sista mkuu alikuwa amesimama nyuma ya binti yule, anamtazama. Mwanamke aliyeshinda ofisi ya mwalimu mkuu, siku hiyo alimeza mate tu.

Nilipomtoa hospitali alikuwa ameacha kidole kimoja huko, lakini sicho alichokuwa akikisema.

"Wifi, ningemwacha na upepo wake angekohoa," alikuwa akisema. "Angekohoa, lakini angekuwepo."

"Hukumchoma wewe."

"Nilimhamisha mimi."

Alikwenda mpaka kwa yule mpishi wa shule kumweleza ukweli. Nilimsindikiza. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Usinitie maneno hayo, mama. Mwanangu ana kifafa. Akianguka kesho nampeleka wapi, kama si hapo hapo?" Akaturudisha barabarani kwa upole kabisa. Ule upole ulimuumiza Msusi kuliko tusi.

Baadaye kukatokea jambo. Hospitali ilipata wageni kutoka juu, wakasema wagonjwa nao washirikishwe katika usalama wa matibabu yao, iundwe kamati, na wagonjwa wawe na mwakilishi. Wakatafuta mtu mwenye mdomo. Nani mwingine? Msusi akapewa fulana ya kijani yenye maandishi mgongoni, Mgonjwa Sauti Yako Ni Usalama Wako. Aliivaa siku ya kwanza na kitenge chake kizuri kuliko vyote. Nikamwambia, "Wifi, umependeza kama bango." Akacheka, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba chenye meza ndefu na kitambaa, kila kiti na chupa yake ya maji. Niliruhusiwa kukaa pembeni kwa sababu alikuwa anatembelea bega langu. Daktari mkuu alifungua kikao kwa maneno matamu. Mwakilishi alipopewa nafasi alisimama, akaeleza kila kitu: dirisha, mlango, kofia, sindano. Hakumtaja nesi. Alijitaja mwenyewe. Mtu mmoja akafungua chupa ya maji, ikalia kama kofi.

"Mama," alisema daktari mkuu, "pole sana. Lakini hapa hatutafuti mchawi."

"Hata mimi simtafuti, daktari. Natafuta mtu wa kuuliza jina."

"Unapendekeza nini hasa?"

"Nesi asiseme kitanda fulani. Wala asimtajie mgonjwa jina, maana sisi tukitajiwa lolote tunaitika ndiyo. Aulize, wewe unaitwa nani? Mgonjwa aseme mwenyewe. Na asipoulizwa, asitoe mkono, na asigombezwe kwa kutotoa mkono. Basi. Sina lingine."

"Limepita," alisema daktari mkuu, na wote wakapiga makofi. Tukapigwa picha. Msusi akawekwa katikati.

Kwa muda mfupi lilifanyika. Nilikwenda naye wodini tukasikia manesi wakiuliza, wengine kwa mzaha, "Haya bibi, unaitwa nani, usije ukanifunga." Alisimama pale mlangoni akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame.

Kisha likaanza kupungua. Akiwa peke yake na kitoroli, nesi aliuliza majina ya vitanda vya mwanzo tu, vya mwisho akavipita mbio. Msusi akamuuliza mmoja, msichana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Msichana hakumjibu vibaya. Alisema, "Mama, wodi hii ilikuwa ya manesi wanne. Nimebaki mimi. Nikimuuliza kila mtu jina lake, wa mwisho nitamchoma kesho." Akafuta jasho kwa mkono wa nguo, akaendelea. Yule nesi wa jioni alikuwa ameshahamishwa. Kabla hajaondoka alimfuata wifi yangu mpaka nyumbani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia. Msusi alimwekea chai, akamfumua nywele, akamsuka upya, wakaagana. Nadhani nesi yule alikuwa mtu pekee aliyemwelewa wifi yangu.

Alipoona manesi hawawezi, akawageukia wagonjwa. Saa ya kuona wagonjwa akawa anapita kitanda kwa kitanda na fulana yake. "Kabla hujatoa mkono, sema jina lako. Sema kwa sauti. Uliza dawa hii ni ya nini." Walimwitikia kwa adabu mpaka akipita, kisha wakatazamana. Wakamwita Bi Fulana. Siku moja alimkuta yule mama aliyeungua mkono, amerudi kwa ngozi kuoza.

"Wewe ulishuhudia," Msusi akamwambia. "Waambie wenzako."

"Bi Fulana, dada yangu, nakuheshimu," alisema yule mama. "Lakini wewe unakwenda nyumbani, sisi tunabaki nao. Juzi nimeuliza dawa ni ya nini, nikaambiwa kumbe wewe ndiye daktari, na bandeji yangu ikabadilishwa mwisho wa wote. Tuache tupone kwa kunyamaza."

"Bibi Kofia alinyamaza."

"Bibi Kofia aliuliza," alisema yule mama. "Nilikuwepo. Aliuliza."

Hapo wifi yangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Niliona kitu kikikatika ndani yake. Kama wagonjwa wakiuliza hawasikiwi, na wakinyamaza wanakufa, yeye alikuwa akiwafundisha nini na fulana ile?

Alipiga moyo konde akangoja mkutano mwingine ili aseme hilo. Haukuitwa. Akaenda mwenyewe, tukapanda zile ngazi pole pole kwa ajili ya mguu wake. Chumba chenye meza ndefu kilikuwa kimejaa magodoro mabovu mpaka darini. Mfagizi alituambia kamati ilikwisha wageni walipokwisha. Alishangaa hatukuambiwa. Picha yetu ilikuwa bado ipo ukutani, Msusi yuko katikati, meno yote nje. Walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, na yeye alikivaa na kitenge chake kizuri.

Hakulalamika. Alirudi nyumbani, fulana ikawa ya kufutia vumbi viti vya wateja, na wateja wenyewe walikuwa wachache, kwa sababu macho hayakuona tena njia ya chanuo. Siku zilizofuata sikupenda kukaa naye, nasema ukweli, kwa jinsi alivyokaa kimya. Baba yake fundi saa alikuwa ameshinda.

Kidonda kilipanda. Tulirudi wodi ile ile. Rangi ya buluu ilikuwa imebanduka zaidi, mlango bado haufungiki, na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha mlangoni. Alipokigusa kwa mkono akajua kiko wapi kwa upepo. "Hiki changu," alisema. "Nilikinunua zamani." Kuna msichana mwenye moyo mzuri alikuwa dirishani, akataka wabadilishane. Msusi alimkatalia kwa ukali mpaka msichana yule akalia.

Daktari akasema mguu wa kushoto utakatwa chini ya goti. Asubuhi ile nilikuwepo, na binti yake pia, yule wa viatu, sasa ana watoto wake. Mbeba wagonjwa alikuja na kitanda cha magurudumu, anapiga mluzi.

"Kitanda cha mlangoni, twende zetu."

"Kitanda hakikatwi mguu," alisema Msusi. "Niulize jina."

"Mama, nina foleni. Nitagombezwa."

"Niulize."

Mtu yule akatutazama kama anayetuomba tumsaidie na mgonjwa aliyechanganyikiwa. Binti yake akaona haya. "Mama, jamani, usiwaudhi watu leo. Leo siyo siku yake." Na Msusi, aliyekuwa amejiinua kwa viwiko, akajilaza tena. Akapandishwa bila kuulizwa. Nilikuwa simjui yule mwanamke aliyelala pale na uso wake ukutani.

Nitangulie kusema, ili msomaji asikae roho juu. Mguu walioukata ndio ule mbovu. Hawakukosea. Ni moyo ndio haukuamka sawasawa, akakaa siku chache bila kusema neno la kueleweka, akaenda. Safari hii moyo ulikuwa umechoka kweli. Lakini maneno yake ya mwisho ya kueleweka niliyapata mimi, ukumbini, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji wenye vioo viwili vya duara. Mbeba wagonjwa alikuwa ameingia kuuliza kama wako tayari, binti amekwenda kutafuta maji, tulikuwa sisi wawili na kitanda.

"Wifi."

"Nipo."

"Wakinilaza usingizi humo ndani sitakuwa na mdomo."

"Utaamka nao, na utatuchosha kama kawaida."

Hakucheka. Alipapasa mpaka akanipata mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na nguvu ya kusuka.

"Nimewaambia wauguzi wakachoka, nimewaambia wagonjwa wakaogopa. Sijaona hata kimoja kilichosimama. Sikudanganyi, sidhani kitasimama. Lakini yule bikizee aliuliza, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuuliza pamoja naye. Nilikuwa bafuni. Wewe una umri, una sauti, na hawajawahi kukuvisha fulana. Hapa mlangoni pana benchi?"

"Lipo."

"Kaa hapo. Usinisindikize mimi, mimi umeshanisindikiza. Kila kitanda kitakachopita, cha nani sijui, cha mtu usiyemjua, simama umshike mgonjwa mkono, umuulize mbele yao: unaitwa nani, na umeambiwa unakwenda kufanywa nini. Aseme wasikie. Wakikufukuza, rudi kesho. Ukishindwa kuja, mtafute mwingine wa kukaa."

Mlango ulifunguliwa, mluzi ukarudi. Alinibana mkono mara moja tena.

"Anza na mimi," alisema. "Niulize."